Alama Nane za Wahusika, Nne za Msuko: Nilivyosomewa Mswada Jijini Nairobi

Mapema mwaka huu nililipa shilingi 18,000 ili mswada wa riwaya yangu usomwe na watu wasionijua. Huduma hiyo hutolewa katika ofisi ya vyumba viwili kwenye ghorofa ya tatu ya jengo moja katika Barabara ya Tom Mboya, jengo ambalo sehemu yake ya chini imejaa maduka ya simu, na anayepanda ngazi zake akiwa na kurasa 312 mkobani hupata muda wa kutosha kujiuliza kama alichobeba ni riwaya au ni karatasi tu. Sitaitaja ofisi hiyo kwa jina. Nina malalamiko kadhaa juu yake, na sifa nyingi nitakazozitoa zinamhusu mtu mmoja ambaye hakuniomba nimtangaze. Ninawaandikia wenzangu wenye miswada kabatini ambao wanajiuliza kama fedha hizo zina faida, na sitagusa kila kitu, kwa kuwa lililoniuma na lililonifaa katika huduma hiyo lilikuwa jambo lilelile moja: uhusiano wa mhusika na msuko, yaani jinsi matukio ya hadithi yanavyofungamana, uhusiano ambao ofisi hiyo iliushughulikia vibaya mno katika karatasi moja na vizuri mno katika nyingine, tena kuhusu mswada uleule.

Kwanza niseme anachopewa mteja. Malipo hufanywa kwa awamu mbili kupitia M-Pesa, nusu siku ya kuwasilisha mswada na nusu siku ya kuuchukua. Mwandishi huahidiwa ripoti iliyopigwa chapa, mswada wake ukiwa na maelezo ya penseli pambizoni, na kikao cha saa moja na mmoja wa waliousoma. Muda ulioahidiwa ni wiki sita. Mimi nilingoja wiki tisa, na nilipopiga simu katika wiki ya saba niliambiwa kwamba mswada wangu ulikuwa "katika hatua ya pili", jibu ambalo mpaka leo sijalielewa, maana hata hatua ya kwanza sikuwahi kuelezwa ni ipi.

Riwaya yenyewe inamhusu mwanamke niliyempa jina la Nduku, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, anayeuza mitumba katika soko la Gikomba na ambaye ni mweka hazina wa chama cha kuchangiana fedha cha wanawake kumi na wawili. Mimi ni mtunza hesabu katika duka la vipuri vya magari kwenye Barabara ya Kirinyaga, mahali ambapo wengi wetu bado tunapaita Grogan, na kutoka hapo hadi Gikomba ni mwendo mfupi wa miguu. Kwa miaka mingi nimepita sokoni humo jioni nikiwatazama wanawake wa aina ya Nduku wakihesabu mauzo yao: namna wanavyogeuza mgongo kabla ya kutoa noti, namna wanavyozipanga zote zielekee upande mmoja, namna wanavyohesabu mara ya pili hata pale hesabu ya kwanza ilipokuwa sahihi. Niliuandika mswada huo kwa miaka minne, sehemu kubwa siku za Jumamosi katika Maktaba ya McMillan, ile iliyofunguliwa mwaka 1931 na yenye simba wa mawe mlangoni, na nilipoumaliza nilikuwa na hakika kwamba namjua Nduku kuliko ninavyowajua baadhi ya jamaa zangu. Nilimpa pia matukio, kwa kuwa nilijua riwaya huhitaji matukio. Mwanawe alifukuzwa shuleni kwa kukosa karo, wanachama wakagombana kuhusu mzunguko wa fedha, na katika sura ya kumi na nne kibanda chake kikateketea kwa moto. Gikomba imeungua mara nyingi kiasi kwamba niliamini hakuna msomaji wa Nairobi angeliona tukio hilo kuwa la kubuniwa ovyo.

Ripoti niliyopewa ilikuwa na kurasa tisa, na ukurasa wake wa kwanza ulikuwa fomu. Wahusika: 8 kwa 10. Msuko: 4 kwa 10. Mandhari: 9 kwa 10. Lugha: 6 kwa 10. Kurasa nane zilizofuata zilikuwa ufafanuzi wa alama hizo, sehemu kwa sehemu, na kila sehemu ilijitegemea kana kwamba mswada wangu ulikuwa mifuko minne ya nafaka iliyoletwa kupimwa siku moja. Katika sehemu ya wahusika nilisifiwa kwa "uhai wa Nduku". Katika sehemu ya msuko nilishauriwa niongeze taharuki, nihakikishe kwamba kila sura ya tatu inamalizika kwa tukio la kumshtua msomaji, na nipunguze maelezo kuhusu mhusika mkuu kwa asilimia thelathini ili kutoa nafasi ya matukio hayo. Aliyeandika ushauri huu hakujiuliza, au kama alijiuliza hakuandika, kama ile nane na ile nne zilikuwa na uhusiano wowote.

Kwa kuwa nilikuwa nimelipa, nilitii. Kwa muda wa mwezi mzima niliingiza matukio: wizi wa fedha za chama, barua ya vitisho, maiti iliyokutwa ukingoni mwa Mto Nairobi nyuma ya soko. Matokeo yake yalikuwa ya kusikitisha, na kwa upande mwingine ya kuchekesha. Mwanamke ambaye katika sura ya pili anashuka kwenye matatu kwa kushika chuma cha mlango kwa mikono miwili kwa sababu ya maumivu ya magoti, katika sura ya kumi na mbili alikuwa akimfukuza mwizi kati ya vibanda na kumpata. Nilipolisoma tena nililoandika, niliona kwamba kila tukio jipya lilimfanya Nduku awe mtu mwingine kidogo, jasiri hapa, mjinga pale, mwepesi wa miguu kwingineko, kulingana na lile ambalo tukio lilihitaji. Alama zangu za msuko labda zilikuwa zimepanda hadi sita. Nduku alikuwa amehama.

Simlaumu sana mwandishi wa ripoti, kwa sababu namna hiyo ya kuchanganua kazi ya kubuni ndiyo tuliyofundishwa wote. Aliyesoma sekondari nchini Kenya anaikumbuka karatasi ya tatu ya mtihani wa Kiswahili, ile ya Fasihi, 102/3, yenye alama 80, na anakumbuka jinsi swali la dondoo linavyoanza kwa muktadha, likaendelea hadi tamathali za usemi, kisha likamalizia kwa sifa nne za msemaji. Vijitabu vya miongozo tulivyonunua kwa siri kwa sababu walimu walivikataza, na ambavyo walimu wenyewe walikuwa navyo, vilikuwa na sura ya "Wahusika na Uhusika" na sura nyingine ya "Msuko", na mwanafunzi aliweza kuikariri moja bila kuisoma nyingine. Kwa mtihani utaratibu huo unafaa, kwa kuwa mtahini lazima apate mahali pa kuweka alama. Tatizo ni pale mtu anapoondoka darasani akiamini kwamba kuandika ni kazi ileile iliyogeuzwa kinyumenyume: unda orodha ya sifa, unda orodha ya matukio, kisha uzichanganye kwa kipimo. Ni sawa na mtu aliyejifunza kuchambua mchele akadhani amejifunza kulima mpunga.

Suala lenyewe ni la kale. Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka 2300 iliyopita, aliuweka msuko mbele na wahusika nyuma yake, ila alikuwa akizungumzia tanzia, mchezo unaotazamwa na kumalizika watu wakiwa wamekaa palepale, wala si riwaya ambayo msomaji hukaa nayo mwezi mzima, akiisoma kurasa kumi kumi ndani ya matatu. Mwaka 1927 Mwingereza E. M. Forster alitoa mihadhara huko Cambridge, na ndiko yalikotoka yale majina mawili tuliyokaririshwa, mhusika bapa, yule wa sifa moja asiyebadilika, na mhusika duara, yule mwenye pande nyingi anayeweza kutushangaza. Wengi tuliukumbuka mgawanyo huo tukasahau kwamba Forster mwenyewe hakumdharau mhusika bapa. Alikiri kwamba hutambulika upesi na hukumbukwa kwa urahisi. Lakini mfano wake wa mfalme na malkia ndio ulionifaa zaidi. Ukisema mfalme alikufa, halafu malkia akafa, umesimulia hadithi tu. Ukisema mfalme alikufa, halafu malkia akafa kwa majonzi, umeunda msuko. Nimeutafakari mfano huo mara nyingi nikiwa nimekwama katika foleni ya magari ya Barabara ya Jogoo, na kila mara naona kwamba neno linalobeba kazi yote, yaani majonzi, si tukio hata kidogo. Ni habari ya malkia mwenyewe. Malkia mwingine angekaa eda, akamaliza, akaolewa. Mwingine angekuwa ameshika hazina ya ufalme kabla ya matanga kwisha. Forster alikuwa akieleza msuko ni nini, na alipotafuta kitu cha kuufunga alilazimika kwenda kukichukua ndani ya mhusika.

Ukiutazama urithi wetu kwa jicho hilo, hata kazi ambazo husemwa zimeelemea upande mmoja huanza kuonekana tofauti. Sungura wa ngano zetu habadiliki tangu paukwa hadi hadithi inapokwisha, naye ni bapa kuliko mhusika yeyote anayeweza kubuniwa, lakini hakuna hila katika ngano hizo ambayo ingeweza kufanywa na Fisi. Ulafi wa mmoja na werevu wa mwingine ndio msuko wenyewe. Riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapishwa mwaka 1960, husifiwa kwa fumbo, na ni kweli kwamba mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake hutoka kitabu kimoja na kuingia kingine bila kuzeeka moyoni, lakini mwondoe yeye umweke askari wa kawaida, na fumbo litafumbuliwa kwa njia nyingine au halitafumbuliwa kamwe. Kwa upande wa pili kuna Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1974, ambayo nimewasikia watu wakiilalamikia kwamba ni mawazo matupu ya kijana msomi. Nadhani hawakuisoma hadi mwisho, kwa kuwa mawazo ya kijana huyo, Kazimoto, yanamsukuma hatua kwa hatua kuelekea tendo moja ambalo haliwezi kutenduliwa.

Mfano ambao mimi huurudia ni Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980 na ambayo kizazi kizima cha wanafunzi wa Kenya kiliisoma kwa ajili ya mtihani. Bwana Maksuudi anaheshimiwa nje na kuogopwa ndani, na amemfungia binti yake Maimuna nyumbani asiijue dunia. Mwandishi hakuhitaji kuleta ajali wala jambazi. Baba anayefunga mlango kwa nguvu kiasi kile ameshaandika yale yatakayotokea siku mlango utakapofunguka, na binti ambaye hajawahi kuruhusiwa kuchagua chochote, akipata nafasi ya kuchagua, atachagua bila kipimo. Tulipokuwa tukiorodhesha sifa za Maksuudi katika safu moja na matukio ya riwaya katika safu nyingine, tulikuwa tukiandika jambo moja mara mbili, na hakuna aliyetuambia.

Narudi kwenye huduma. Mswada wenyewe, pamoja na maelezo yake ya penseli, nilikuwa nimeuweka kando kwa hasira bila kuufungua, nikidhani maelezo hayo yangekuwa marudio ya fomu. Nilipoufungua hatimaye nilikuta mwandiko mwingine kabisa, mdogo, wa kulala upande, wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa kalamu ya wino. Katika kurasa 312 alikuwa ameandika mahali kama arubaini tu, na mara nyingi ni swali. Kwenye ukurasa wa 187, pale moto unapoanza, aliandika: "Moto huu ungeweza kuunguza kibanda cha mtu yeyote. Kwa nini kimeungua cha huyu?"

Nilikasirika. Mtu anayeuliza swali hilo, nilijiambia, hajawahi kuamka akakuta mtaa wa vibanda umekuwa majivu. Katika kikao, ambacho kilifanyika Jumamosi asubuhi katika chumba cha ndani cha ofisi ile, nilikutana na mwandishi wa maelezo hayo, mwalimu mstaafu ambaye kila aliyeingia alimwita Mwalimu bila kuongeza jina, nami nikamweleza hoja yangu kwa adabu niliyoweza kuipata.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimesoma swali lako la moto. Mimi naona moto wa kweli hauchagui mtu."

"Marahaba, mwanangu. Sokoni hauchagui. Kitabuni wewe ndiwe uliyeuwasha."

Kisha akaendelea kwa utaratibu, akifungua kurasa ambazo alikuwa amezikunja pembe. Alisema kwamba alimwamini Nduku tangu ukurasa wa tatu, kwamba alijua anavyokula, anavyohesabu na anavyosali, lakini kwamba baada ya kukaa naye kurasa mia tatu hakuwahi kumwona akibanwa. Mambo yalimpata, yeye hakuyafanya. Mwanawe alifukuzwa na shule, chama kiligombanishwa na wengine, kibanda kiliunguzwa na moto, naye Nduku, kwa maneno ya Mwalimu, alikuwa "mtu mzuri anayenyeshewa". Akaniuliza ni jambo gani ambalo Nduku alilifanya katika riwaya nzima na ambalo jirani yake, akiwa mahali pake, asingelifanya. Nilitafuta jibu kwa muda mrefu. Chai iliyokuwa mezani ilipoa, na sikulipata.

Zoezi alilonipa siku hiyo ndilo ningependa ofisi ile ilitoe kwa kila mteja badala ya fomu. Aliniambia niandike kila sura kwa sentensi moja katika kipande chake cha karatasi, nivipange vipande mezani kwa mfuatano, kisha nitie kiunganishi kimoja kati ya kila sura na inayofuata: "halafu", "kwa hiyo" au "lakini". Nilikuwa na sura 23, kwa hiyo viunganishi 22. Nilipomaliza nyumbani usiku huo, "halafu" zilikuwa kumi na saba. Sura zangu zilikuwa zimepangana kama abiria katika kiti cha nyuma cha matatu, wamegusana mabega na hakuna anayemjua mwenzake.

Moto ndio ulionichukua muda mrefu zaidi, na nitaueleza kwa kirefu kwa sababu ndipo nilipoelewa swali la Mwalimu. Nduku ana jirani wa kibanda, Mama Otieno, ambaye wamegombana naye tangu sura ya tano kuhusu upana wa futi moja wa njia iliyo kati yao. Katika mswada wa kwanza ugomvi huo ulikuwa wa kuchekesha tu, mapambo ya sokoni. Sasa, jioni moja kabla ya moto, mlinzi wa usiku anamnong'oneza Nduku kwamba kuna maneno yanazunguka, kwamba asilaze mali nyingi usiku huo. Nduku anayahamisha marobota yake kwa dada yake, moja baada ya jingine, akisema anayapeleka kuyachambulia nyumbani. Anapita mbele ya kibanda cha Mama Otieno mara nne. Hamwambii kitu. Asubuhi vibanda vyote viwili ni majivu, kimoja kikiwa kimeungua kitupu na kingine kikiwa kimeungua na mali ya mkopo, na Jumapili chama kinakutana ili kuwachangia walioathirika, naye Nduku, kwa kuwa ndiye mweka hazina, anafungua daftari na kuandika majina mawili ya wanaostahili msaada, la kwanza likiwa lake.

Moto ni uleule. Hakuna maiti wala mwizi, na magoti ya Nduku bado yanauma. Lakini baada ya hapo sikuhitaji kutafuta tukio la sura inayofuata, kwa kuwa mwanamke anayehesabu noti mara mbili hata pale hesabu ya kwanza ilipokuwa sahihi hawezi kuishi na daftari lenye uongo ndani yake, na hawezi pia kuusema uongo huo mbele ya wanawake kumi na mmoja. Yale yote niliyoyajua kumhusu, ambayo ripoti ilitaka niyapunguze kwa asilimia thelathini, yaligeuka kuwa mambo ambayo msomaji lazima ayajue kabla ya ukurasa wa 187, la sivyo ukimya wa jioni ile hautamgusa.

Sikukubaliana na Mwalimu katika kila jambo, na sidhani kwamba alitaka nikubaliane naye. Alipendekeza niiondoe sura ya nne yote, ambamo Nduku na mwenzake wanafungua robota walilolinunua kwa ubia na kulichambua kwa kurasa kumi na nne bila lolote kutokea. Niliikataa rai hiyo kwa sababu naamini kwamba riwaya isiyo na mahali pa kukaa, mahali ambapo msomaji anamtazama mtu akifanya kazi yake kwa ustadi, huwa kama safari ya basi lisilosimama hata kwa ajili ya chai. Niliipunguza hadi kurasa tano, na ndani yake nikaingiza koti la mtoto ambalo Nduku analipapasa mfukoni, akakuta noti ya kigeni iliyokunjwa, akaitia kifuani bila kumwambia mbia wake. Ni jambo dogo, na msomaji atalisamehe. Nilitaka alisamehe. Mwalimu aliposimuliwa mabadiliko hayo kwa simu alicheka, kisha akasema sura hiyo sasa ina haki ya kuwepo, jambo ambalo nadhani ndilo alilolitaka tangu mwanzo alipoishambulia.

Tulitofautiana pia kuhusu zile "halafu". Baada ya kuandika upya bado ninazo tisa, na nimeziacha kwa makusudi. Riwaya ambayo kila jambo ndani yake limesababishwa na jambo lililotangulia hunuka mahakama. Maisha ya Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, yana siku ambazo mvua inanyesha tu, umeme unapotea tu, na jamaa anafika kutoka shamba bila taarifa akiwa na kuku chini ya kwapa. Tofauti ni kwamba sasa najua "halafu" hizo ziko wapi, na hakuna hata moja iliyo mahali ambapo Nduku anapaswa kuamua.

Lalamiko langu la mwisho linahusu lugha, na kwa mtazamo wangu ni lalamiko la uhusika pia. Mwandishi wa ripoti alikuwa amesahihisha mazungumzo yangu ya sokoni yawe Kiswahili sanifu. Pale Nduku anaposema kwamba robota hili limetoa kamera nyingi, yaani nguo za chaguo la kwanza, msahihishaji aliuliza kama ni nguo au ni mashine za kupigia picha, kisha akapendekeza "mavazi ya hali ya juu". Mwanamke aliyechuuza kwa miaka ishirini na anayesema "mavazi ya hali ya juu" akiwa amepiga magoti juu ya robota si Nduku wala si mtu mwingine yeyote aliyewahi kukanyaga Gikomba. Ninapenda Kiswahili sanifu, nami ninakitumia hapa, lakini kinywa cha mhusika ni mahali ambapo uamuzi wake huanza kusikika kabla hajaamua, na ukikisafisha umemnyamazisha. Masahihisho hayo yote niliyafuta.

Kwa hiyo, je, shilingi 18,000 zina faida? Ripoti peke yake nisingeinunua hata kwa elfu mbili. Imeandikwa kwa haraka, imetumia fomu ambayo ingeweza kujazwa na mtu aliyesoma sura tatu, na ushauri wake kuhusu taharuki ulinipotezea mwezi mzima wa kazi. Kuchelewa kwa wiki tatu bila maelezo kungesameheka kama mtu angepiga simu. Kwa upande mwingine, yale maelezo arubaini ya penseli na ile saa moja, ambayo kwa hakika ilikuwa karibu saa mbili, ningeyalipia mara mbili. Anayekwenda huko aombe mapema kujua nani atausoma mswada wake, aseme wazi kwamba anataka maelezo ya pambizoni kuliko alama, na afungue mswada kabla ya kufungua ripoti, kinyume cha nilivyofanya mimi. Kwa mwandishi ambaye bado hajamaliza rasimu ya kwanza, nadhani fedha hizo zingemfaa zaidi zikikaa alipoziweka. Vipande vya karatasi na viunganishi vitatu havilipiwi.

Kusomewa mara ya pili hugharimu shilingi 7,000. Nilizilipa mwezi uliopita na kuupandisha mswada ngazi zilezile, safari hii ukiwa na kurasa 268, nikamwomba msichana wa mapokezi kwamba fomu isijazwe, penseli tu inatosha. Aliniambia kwamba fomu ni lazima kwa kila mteja, lakini kwa kuwa mswada huu umeombwa na Mwalimu mwenyewe, itajazwa mwisho.